Sura ya Sita: Ahadi ni Deni

Mwezi Mei 2009, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walipata habari ndogo iliyowashangaza. Kuanzia mwaka wa masomo uliofuata, mabweni mengi yasingekuwa tena na kifungua kinywa cha moto siku za kazi. Asubuhi wangekula vya baridi na kuwahi darasani. Chuo kilikuwa kinabana matumizi.

Chuo chenyewe ndicho kile ambacho miezi 11 kabla yake kilikuwa na mfuko wa dola bilioni 36.9, mkubwa kuliko wa chuo kingine chochote duniani. Kufikia Juni 2009 mfuko huo ulikuwa umeshuka hadi dola bilioni 26. Hasara hiyo ni kubwa, lakini haitoshi kueleza habari ya mabwenini. Mwenye dola bilioni 26 hakosi pesa ya uji.

Harvard haikukosa mali. Ilikosa fedha taslimu, na ilizikosa kwa sababu sehemu kubwa ya mali yake ilikuwa mahali isipouzika haraka, huku fedha ambazo bado haijazitoa zikiwa zimekwisha kuahidiwa kwa watu wengine. Mfuko wowote wa pensheni, wa bima au wa chuo unaotaka kuwekeza nje ya soko la hisa utakutana na jambo hilo siku moja. Heri ukutane nalo kwenye kitabu kwanza.

Wakfu wa New Haven

Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa maana ya mfuko wa namna hii. Ni wakfu. Mtu anaacha nyumba Lamu au shamba la minazi Unguja kwa ajili ya msikiti au madrasa. Mali yenyewe haiuzwi, kinachotumika ni kodi na nazi. Vyuo vikongwe vya Marekani vinaishi hivyo hivyo. Wafadhili wanatoa, mtaji unabaki, na kila mwaka chuo kinakata kipande cha karibu asilimia 5 kulipia walimu na kusomesha wasiojiweza.

Mwaka 1985, Chuo Kikuu cha Yale, kilichoko mji wa New Haven, kilimkabidhi wakfu wake kijana wa miaka 31 aitwaye David Swensen. Alikuwa amesomea udaktari wa uchumi hapo hapo Yale, kisha akafanya kazi Wall Street. Mfuko aliokabidhiwa ulikuwa na zaidi kidogo ya dola bilioni 1, sehemu kubwa ikiwa katika hisa na hatifungani za Marekani, kama ilivyokuwa desturi ya vyuo vyote.

Swensen alijiuliza swali ambalo leo linaonekana jepesi. Hisa inayoweza kuuzwa saa yoyote ina thamani ya ziada kwa sababu kila mtu anapenda kukaa karibu na mlango wa kutokea. Sasa chuo kilichoanza mwaka 1701, na kinachotarajia kuwapo karne nyingine tatu, kinaulipia mlango huo wa nini? Akaanza kuuhamisha mfuko, hatua kwa hatua, kwenda kule ambako mlango ni mwembamba: kampuni zisizoorodheshwa kwenye soko lolote, kampuni changa za teknolojia, misitu ya mbao, mafuta na gesi, majengo. Huu ndio uwekezaji ambao wataalamu huuita wa masoko binafsi. Bei haipigiwi kelele ukumbini. Watu wawili wanakaa mezani, wanakagua vitabu vya hesabu, wanakubaliana.

Mwaka 2000 Swensen alichapisha kitabu kilichoeleza njia yake, na vyuo vingine vikaiga. Alifariki Mei 2021. Mwezi uliofuata, Yale ilipofunga hesabu za mwaka, mfuko ulikuwa na dola bilioni 42.3. Ndani yake imo michango ya wafadhili, lakini hakuna anayebisha kwamba sehemu kubwa ilitokana na maamuzi ya mtu huyu na wenzake.

Hoja yake ilikuwa sahihi. Ila ilikuwa na sharti: anayeukataa mlango wa kutokea awe na hakika kwamba hatalazimika kutoka.

Saini bila senti

Ukinunua hisa za Safaricom kwenye Soko la Hisa la Nairobi, unalipa, unakabidhiwa, mnaachana kwa siku chache. Mifuko ya mitaji binafsi, inayonunua kampuni zisizoorodheshwa, haiendi hivyo. Wadhamini wa mfuko wa pensheni wanakaa na meneja, wanatia saini, na siku hiyo hawatoi hata senti. Wanachotoa ni ahadi.

Tuseme wameahidi dola milioni 10. Meneja ana takriban miaka mitano ya kutafuta kampuni za kununua. Kila akipata, anaandika barua: leteni milioni 2. Mara nyingi barua hiyo inatoa siku kumi za kazi. Anayeshindwa kulipa anaweza kupokonywa hata sehemu ya alichokwisha kuweka. Ndivyo mikataba mingi inavyosema. Fedha zinaanza kurudi pale kampuni zinapouzwa, pengine mwaka wa sita, pengine wa tisa. Mkataba wenyewe kwa kawaida ni wa miaka kumi, na huongezwa.

Kisha kuna ujira. Kwa miongo mingi bei ya mtaani imekuwa asilimia 2 kwa mwaka, na asilimia 20 ya faida, aghalabu baada ya wawekezaji kupata asilimia 8 yao kwanza. Ile asilimia 2, kwa miaka ya mwanzo, hukatwa kwenye kiasi kilichoahidiwa na si kilichowekezwa. Kwa milioni 10 ni dola 200,000 kila mwaka, hata kama milioni 8 bado ziko kwenye akaunti yako. Ndiyo maana daftari la miaka ya kwanza husoma hasara: ujira unatoka, kampuni bado hazijakua. Mdhamini asiyelijua hili hukosa usingizi mwaka wa pili na kutaka kuuza, ambao ndio mwaka mbaya kuliko yote wa kuuza.

Tena mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Meneja aliyefanya vizuri na mfuko wa dola milioni 100 anarudi kuomba milioni 400. Asilimia 2 ya milioni 400 inamlisha yeye na watoto wake hata kama tembo la safari hii ni jepesi. Hapo ndipo mwekezaji mkubwa anatakiwa kuwa mteja mgumu, kwa kuwa katika masoko binafsi pengo kati ya meneja hodari na meneja dhaifu ni pana kuliko katika hisa za sokoni. Anayepata wa wastani tu, akishalipa ujira wote, anaweza kugundua kwamba angebaki kwenye hisa za kawaida asingepoteza kitu.

Kuna jambo moja zaidi. Kwa sababu fedha zinaitwa kidogo kidogo na nyingine zinarudi, mfuko unaotaka kuwa na milioni 100 ndani ya kampuni hulazimika kuahidi zaidi ya milioni 100. Ahadi za zamani zinarudisha, mpya zinaita, na hesabu inajizungusha. Ni biashara ya mwenye duka anayelipia mzigo mpya kwa mauzo ya mzigo wa zamani. Wateja wakija, haonekani kuwa na deni. Wakikauka wiki tatu, mwenye lori anamgongea mlango.

Wateja walipokauka

Benki ya Lehman Brothers ilianguka Septemba 2008, na wateja wakakauka kwa mkupuo. Hakuna aliyenunua kampuni, kwa hiyo mameneja hawakuwa na cha kurudisha. Barua za kuita fedha, hata hivyo, zilikuwa na nguvu zile zile za kisheria. Hisa ambazo zingeuzwa kulipia barua hizo zilikuwa zimeporomoka.

Katikati ya mwaka huo Harvard ilikuwa na ahadi zisizolipwa za karibu dola bilioni 11. Juu ya hapo, ilikuwa imefanya jambo ambalo mama ntilie hafanyi: fedha za matumizi ya kila siku, za mishahara na umeme, nyingi zilikuwa zimewekezwa pamoja na wakfu. Zilipata hasara ya dola bilioni 1.8. Na bajeti ya chuo ilitegemea wakfu kwa zaidi ya theluthi moja.

Chuo kilijaribu kuuza hisa zake za mitaji binafsi za kama dola bilioni 1.5. Wanunuzi walikuwapo, lakini walitaka bei ya kutupa. Desemba 2008 kikakopa dola bilioni 2.5 kwa kuuza hatifungani. Kililipa karibu dola milioni 500 kujitoa katika mikataba ya riba iliyokuwa imekigeuka. Ujenzi wa jengo kubwa la sayansi upande wa Allston, ng'ambo ya mto Charles, ukasimamishwa. Na mabwenini kikaondoka kifungua kinywa cha moto.

Yale nayo haikupona. Mwaka huo ilipoteza asilimia 24.6, mfuko ukashuka kutoka dola bilioni 22.9 hadi 16.3, na bajeti ikakatwa. Walioiga kitabu cha Swensen wakauliza kama mwalimu mwenyewe alikosea. Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba kampuni nyingi zilizokuwa ndani ya mifuko ile zilipona, na aliyezishikilia alilipwa. Walioumia zaidi ni waliolazimika kuuza mapema. Kampuni ile ile, mwaka ule ule, ilikuwa hazina kwa mmoja na kitanzi kwa mwingine, na kilichowatofautisha ni nani alikuwa na fedha za kutimiza ahadi.

Bei iliyolala

Msukosuko kama huo huleta kiroja cha hesabu ambacho kila mjumbe wa kamati ya uwekezaji anapaswa kukifanya kwa kalamu yake mara moja.

Chukua mfuko wa shilingi 100: shilingi 40 ziko katika kampuni zisizoorodheshwa, 60 katika hisa za sokoni. Soko linaanguka kwa asilimia 40. Zile 60 zinabaki 36. Zile 40 hazibadiliki, kwa kuwa meneja hukadiria thamani mara moja kwa robo mwaka na hana haraka ya kuleta habari mbaya. Mfuko sasa una 76, na mitaji binafsi imekuwa zaidi ya nusu yake. Hukununua hata punje moja, lakini umevuka kikomo chako cha asilimia 40. Kanuni inakutaka upunguze, na cha kupunguza ndicho kisichouzika.

Hapo wengi hujifariji: angalau mitaji binafsi haikushuka. Faraja hiyo ni ya mtu asiyepima homa. Kampuni ya saruji iliyoorodheshwa na ya saruji isiyoorodheshwa zinauza kwa wajenzi wale wale. Soko likikauka, zinakauka pamoja. Bei iliyolala huamka siku unapotaka kuuza.

Walimu wa Ontario, mafuta ya Norway

Wenye fedha nyingi wamejibu hali hii kwa njia tofauti, na njia mbili zinafaa kuwekwa karibu.

Hadi mwaka 1990, akiba ya uzeeni ya walimu wa jimbo la Ontario, Kanada, ilikuwa imefungwa katika hatifungani za serikali ya jimbo zisizoweza kuuzwa sokoni. Mwaka huo ikaundwa taasisi huru, Ontario Teachers' Pension Plan, chini ya Claude Lamoureux. Badala ya kumlipa kila meneja wa nje asilimia 2 na 20, taasisi iliajiri wataalamu wake, ikawalipa mishahara ya sokoni, na kununua kampuni, majengo na miundombinu kwa mkono wake. Mifuko mingine ya Kanada ikafuata. Akiba ya ujira ni kubwa, lakini njia hii inahitaji mambo mawili adimu: wataalamu ambao mfuko wa umma unaruhusiwa kuwalipa vizuri, na bodi isiyopigiwa simu na wanasiasa. Na bado haimkingi mtu na makosa. Walimu hao hao waliweka dola milioni 95 katika FTX, soko la sarafu za kidijitali lililofilisika Novemba 2022, na wakalazimika kuzihesabu zote kuwa hasara.

Norway ilikataa. Mfuko wake wa mafuta ndio mkubwa kuliko yote ya serikali duniani na una miliki ya wastani wa asilimia 1.5 ya kila kampuni iliyoorodheshwa ulimwenguni. Subira unayo kuliko mtu yeyote. Benki Kuu inayousimamia ilipendekeza iruhusiwe kununua kampuni zisizoorodheshwa. Aprili 2024 serikali ikajibu hapana. Sababu zake zilikuwa gharama na uwazi: wananchi, wenye mali, wamezoea kuona kila hisa na kila bei. Subira ya fedha pekee haikutosha; ilihitajika pia subira ya wenye fedha, na serikali ilipima ikaona hiyo ni fupi.

Shilingi, dola na daraja

Sasa turudi nyumbani. Kanuni za Kenya zinaruhusu mfuko wa pensheni kuweka hadi asilimia 10 ya mali katika mitaji binafsi. Kufikia mwisho wa 2024 mifuko hiyo ilikuwa na zaidi ya shilingi trilioni 2 za Kenya, takriban nusu ikiwa katika dhamana za serikali. Iliyokuwa katika mitaji binafsi haikufika hata asilimia 1. Kwenye mikutano ya hoteli kubwa, wadhamini huitwa waoga.

Mimi siwaiti hivyo. Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu yenye riba ya zaidi ya asilimia 18, isiyokatwa kodi. Meneja anayetaka fedha za fundi wa reli zikae miaka kumi gizani lazima aeleze atazidisha vipi hapo. Zaidi ya hayo, mifuko mingi ni midogo mno kuajiri mtu hata mmoja wa kukagua kampuni. Ndiyo maana baadhi yake imeungana chini ya KEPFIC, muungano wa uwekezaji wa mifuko ya pensheni ya Kenya, ili kukagua kwa pamoja na kubishania ujira kwa sauti moja. Huo ni mkakati, tena mzuri kuliko kila mmoja kutia saini peke yake.

Halafu kuna dola. Mifuko mingi ya mitaji binafsi ya Afrika huahidiwa kwa dola, ilhali pensheni hulipwa kwa shilingi. Mwanzoni mwa 2022, ahadi ya dola milioni 1 ilikuwa kama shilingi milioni 113 za Kenya. Barua ya kuita fedha ingefika Januari 2024, ahadi ile ile ingekuwa karibu milioni 160. Hakuna aliyeongeza chochote kwenye mkataba. Deni lilinenepa lenyewe.

Upande wa Tanzania, somo liko juu ya maji. Daraja la Nyerere la Kigamboni, lililofunguliwa Aprili 2016, lilijengwa kwa fedha za NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, asilimia 60 na za serikali asilimia 40. Kabla yake wakazi walitegemea pantoni. Kwa mfuko wa pensheni, daraja la tozo ni mali inayofaa: linadumu vizazi, na mapato yake ni kwa shilingi ile ile inayolipwa wastaafu. Lakini wakazi walilalamika kwamba wao pekee ndio wanaolipia kwenda nyumbani, na mwaka 2022 serikali ikapunguza tozo. Huruma kwa mvukaji ilikuwa ya haki. Ila mapato yaliyopungua yalikuwa pia ya mfanyakazi anayekatwa michango kila mwezi. Katika miundombinu, ufunguo wa mlango wa kutokea hushikwa na mtu mwingine, na bei ya tozo huamuliwa na watu wanaopiga kura. NSSF ya Kenya, iliyoingia ubia na kampuni ya Kichina ya CRBC mwaka 2025 kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit kwa mapato ya tozo, ingefanya vyema kusoma historia ya Kigamboni kabla lami haijapoa.

Daftari kwanza

Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika masoko binafsi daftari linalohitajika si la mali. Ni la ahadi.

Dean Takahashi na Seth Alexander, wakiwa Yale, waliandika hesabu nyepesi ya kukisia fedha zitaitwa lini na zitarudi lini, ili chuo kijue kila mwaka kiahidi kiasi gani. Wazo lake ni la mkulima: panda kila msimu. Anayeahidi kiasi kinacholingana mwaka hadi mwaka hushika msimu mbaya na mzuri. Anayeahidi kila kitu mwaka ambao kila mtu anasifia mitaji binafsi, hununua kwa bei ya sifa.

Kisha libane daftari hilo. Andika kwamba kwa miaka miwili hakuna hata senti inayorudi. Andika kwamba barua zote zinakuja. Hisa zimeshuka kwa asilimia 40, shilingi imepoteza theluthi ya thamani, na wastaafu wanalipwa kama kawaida. Ikiwa mfuko bado unasimama, kiasi kilichobaki ndicho cha kuahidi. Ikiwa hausimami, hakuna meneja hodari wa kutosha kukuokoa. Baada ya hapo ndipo yafuate mazungumzo mengine: ujira ukatwe kwenye kilichowekezwa, nafasi ya kuwekeza moja kwa moja pembeni ya meneja bila kulipa asilimia 20, ahadi za shilingi pale zinapopatikana, na kikomo kinachoruhusu kupumua soko likianguka.

Hata walimu wa njia hii bado wanakumbushwa. Mwaka 2025, wakati bunge la Marekani likipandisha kodi ya mapato ya wakfu wa vyuo tajiri kutoka asilimia 1.4 hadi asilimia 8, Yale ilikuwa sokoni ikiuza sehemu ya hisa zake za mitaji binafsi. Chuo kilichofundisha ulimwengu kutohitaji mlango kilikuwa kinautafuta.

Na Harvard? Baadhi ya hatifungani ilizouza katika dhiki ya Desemba 2008 zilipangiwa riba ya asilimia 6.5, zikikomaa mwaka 2039. Mwanafunzi wa miaka 20 aliyekula kifungua kinywa cha baridi mwaka ule atakuwa na miaka 50 siku deni hilo litakapofika mwisho.